Soo ya Mhindi, Ngiri ya Mkikuyu, Bomba la Wote

Jumamosi asubuhi sokoni Gikomba, kijana anayeuza viatu vya mitumba ameinua jozi ya raba nyeupe zilizosuguliwa kwa mswaki hadi zikang'aa. Mama mmoja wa makamo amesimama mbele yake, mkoba umebanwa kwapani kama ilivyo desturi ya mtu anayeijua Gikomba.

"Hii ni ngiri moja, mathe."

"Soo tano."

"Mathe, hata bei ya kununua haijafika hapo. Leta soo saba tumalize."

Wanavutana. Mwishowe mama anahesabu noti na sarafu, anazipanga kiganjani mwake, halafu anakiri kwa sauti ya chini: "Ni soo sita, lakini imepungua ashara."

"Sawa tu. Hiyo ten bob ni yako ya maji."

Raba zikaingia kwenye mfuko, mama akashika njia. Biashara yote haikuchukua dakika tatu, na katika dakika hizo watu wawili waliozaliwa Kenya walihesabu pesa kwa lugha nne. "Ngiri" ni elfu moja kwa Kikuyu. "Soo" ni mia, na ukienda kwa Mgujarati yeyote wa Ngara au Parklands ukamwambia "so" atajua unataja mia. "Ashara" ni kumi ya Kiarabu iliyopanda kutoka Pwani. Na "bob" ni jina la utani ambalo Waingereza walikuwa wakiiita shilingi yao, nao wakaiacha hapa walipofunga virago. Mwenye kiatu hakujua, na mwenye mkoba hakujali. Nilimuuliza yule kijana "soo" ni ya nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa hewa ni ya nani. "Ni ya mtaa," akasema.

Jibu hilo nimelibeba wiki nzima, maana ndilo linaloeleza vizuri zaidi kilichotokea mashariki mwa Nairobi, yaani Eastlands, katika miaka mia moja hivi. Kitu huletwa na mtu mwenye kabila, dini na kwao. Kikishakaa mtaani muda wa kutosha, mwenyewe husahauliwa na kitu kikabaki.

Anza na majina ya mitaa yenyewe. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika walioubebea Uingereza mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1914. Wenzetu wa Dar es Salaam walilipokea neno lilo hilo wakalitamka Kariakoo, na sasa kila jiji lina soko lake kwa jina hilo. Burma, pale Shauri Moyo ambapo watu hufuata nyama, inawakumbusha askari waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Asia. Jericho na Jerusalem zimetoka kwenye Biblia. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha siasa cha KAU kutoka ukoo wa Frere Town, Mombasa, uliotokana na watumwa walioachwa huru, aliyeuawa 1952. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani Mjaluo aliyeuawa mwaka uliofuata. Kaloleni ni jina ambalo mtu wa Kilifi angedai ni lake, Pangani ni jina la mji wa pwani ya Tanganyika, na Majengo utaikuta Mombasa vilevile. Ukipanda matatu kutoka mjini hadi Makadara umepita Asia, Palestina na Bahari ya Hindi kabla konda hajamaliza kukusanya nauli. Hata neno "matatu" tulilikopa: ni tatu ya Kikuyu, kutokana na zile sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya magari ya kwanza.

Mtaa mkongwe katika hadithi hii ni Pumwani. Baraza la mji liliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 likitaka Waafrika wote wa Nairobi wakae mahali pamoja penye kuchungwa, baada ya kuvifuta vijiji vyao vya mwanzo. Kimoja kati ya vijiji hivyo kiliitwa Maskini, kingine Kaburini, na kingine, kilometa karibu mia tano kutoka baharini, kiliitwa Mombasa. Pangani ndiyo iliyokaidi kwa muda mrefu zaidi, hadi ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo la mwisho halihitaji maelezo.

Kati ya waliojenga Majengo ya Pumwani, wanawake hawakuwa wachache. Wanazuoni wawili, Janet Bujra na Luise White, waliwachunguza kwa miaka na kuandika habari zao: wanawake wa Kikuyu, Kikamba, Kinandi, Kimaasai, baadaye na Wahaya wa kutoka Bukoba, waliotoka makwao kwa njaa, kwa ndoa iliyovunjika au kwa ukaidi tu, wakapata pesa mjini kwa pombe, kwa miili yao na kwa kupangisha vyumba, kisha wakajenga. Wengi walisilimu. Waliingia msikitini, wakavaa kanga na buibui, wakaitwa Fatuma na Mariamu, wakazungumza Kiswahili, na baada ya miaka kadhaa wakaitwa Waswahili bila mtu kushangaa. Mwanamke asiye na mtoto angeweza kumrithisha nyumba mwanamke mwenzake aliyemfanya dada, jambo ambalo kwao kijijini lisingesikilizwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya wanaume.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea tunapozungumzia utamaduni "kumezwa". Bibi yule wa Pumwani hakumezwa. Alichagua. Uislamu wa Majengo ulimpa ukoo mpya, mazishi ya heshima na mahali pa kuegemea. Naye akauletea Uislamu huo vyakula vyake, lafudhi yake na ugomvi wake. Hata ngoma zilizopigwa huko zilikuwa mchanganyiko wa mchanganyiko: beni, ambayo watu wa Pwani waliibuni kwa kuziiga bendi za kijeshi za Wazungu, tarumbeta na vyeo vyote, ikapanda bara ikachezwa na watu ambao hawakuwahi kuiona bahari.

Mitaa ya baraza la jiji iliyofuata ilijengwa kwa hesabu nyingine. Serikali ya kikoloni ilimtaka mwanamume mfanyakazi, si familia yake. Mke akae rizavu, mume apewe kitanda. Vyumba vilikuwa vidogo. Bomba, choo na bafu vya wengi. Lakini wake walikuja, watoto wakazaliwa, na chumba kilichopimiwa vitanda kikawa cha baba, mama, watoto watano na binamu anayetafuta kazi.

Mimi ni mtoto wa mtaa kama huo, na chuo kikuu changu cha kwanza kilikuwa bomba. Mama yangu aliletwa Nairobi kutoka Murang'a akiwa ameshalishwa tangu utotoni kwamba samaki ni nyoka wa majini. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kijaluo kutoka upande wa Homa Bay, na kila Alhamisi jioni alipika omena. Harufu haikuwa na mpaka. Mama alikuwa akifunga dirisha, halafu anafungua kwa sababu ya joto la jiko, halafu anafunga tena.

Sijui siku gani dirisha liliachwa wazi. Ninachokumbuka ni wanawake hao wawili wakiwa wamekaa kwenye vigoda nje, sinia la omena katikati, jirani akimwonyesha mama namna ya kuchambua mawe na kuosha kwa maji ya moto mara tatu, si mbili. "Mara ya tatu ndiyo inatoa uchungu, dada." Unazikausha kwenye sufuria bila mafuta hadi zitoe mlio, ndipo unatia mafuta, kitunguu na nyanya, na mwisho maziwa kidogo. Mama alilipa deni hilo kwa mukimo. Siku aliyowapikia omena watu wa kwao Murang'a, nyanya yangu alisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja, akauliza kwa upole kama kuna chai.

Jirani wa mlango wa tatu alitoka Machakos. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja aliyaita isyo, jirani wa omena akayaita nyoyo, mama akayaita githeri. Sufuria ilikuwa ileile. Mtaani neno githeri ndilo lililoshinda, huenda kwa sababu wauzaji walikuwa Wakikuyu, na nakiri mama alijisikia vizuri kwa ushindi huo. Lakini sikukuu zikifika, hakuna aliyepika cha kwao. Krismasi ilikuwa chapati. Kila mlango jiko la makaa nje, kila mama na kibao chake, asiye na kifimbo cha kusukumia ametwaa chupa ya soda. Unga unakatwa, unasukumwa, unapakwa mafuta, unakunjwa kama konokono, unalazwa, unasukumwa tena, na watoto wamekaa duara wakihesabu ngapi zimeshatoka. Chakula cha Wahindi, ambacho wao hula siku yoyote bila sherehe, sisi tulikipandisha cheo kikawa chakula cha kuzaliwa kwa Yesu. Hadi leo, nyumba isiyo na chapati Desemba 25 inaonewa huruma.

Na sisi watoto? Wazazi walikuwa na lugha tatu mlangoni, shule ilitaka Kiingereza na Kiswahili sanifu, na kandanda haikungoja mtu atafute neno. Ndipo tukawa na Sheng. Wataalamu wanabishana ilianza lini hasa. Alamin Mazrui aliichunguza katika miaka ya 1990, na Chege Githiora katika kitabu chake cha 2018 anaiona kuwa ni Kiswahili cha Kenya kinachojikulia chenyewe mjini. Mtu wa Eastlands hahitaji kitabu kuambiwa hivyo. Sikiliza: "Mabuda wameenda gichagi." Buda ni mzee kwa Wahindi. Gichagi ni kijiji kwa Kikuyu. Lakini viambishi vyote, ma- na wa- na -me-, ni vya Kiswahili. Mzungu ni odiero, neno la Kijaluo, na wakiwa wengi ni maodiero, jambo ambalo lingemkwaruza sikio Mjaluo wa Siaya. Maneno yanatoka kila kona ya nchi na ng'ambo, ila yakifika mtaani lazima yavae sare ya Kiswahili.

Shuleni kwetu aliyenaswa akizungumza Sheng alivishwa kipande cha mbao shingoni, naye akatafuta wa kumrithisha kabla ya kengele ya jioni. Nimewahi kukivaa siku tatu mfululizo. Walimu waliogopa kwamba tutaua Kiswahili. Mimi nasema Sheng ndiyo iliyokipa Kiswahili nyumba. Wazazi wetu walikitumia na wapangaji wenzao, kisha wakaingia ndani na kufunga mlango wakarudia cha kwao. Sisi tuliota ndoto kwa Kiswahili, hata kama kilikuwa kimevaa kofia upande.

Sitajifanya kwamba hatukupoteza kitu. Nyanya yangu alifariki kabla sijaweza kumwambia jambo lolote la maana kwa Kikuyu. Tulikaa pamoja, yeye akinishika mkono, mimi nikitabasamu. Hilo halirekebishiki kwa kusema lugha hukua.

Mwaka 1997 vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa "Tafsiri Hii", na Kenya ikasikia kwamba mtindo wa hip hop uliotoka New York kwa kaseti unaweza kuzungumza habari za jalala la Dandora kwa lugha ya Dandora. Miaka mitano baadaye Gidi Gidi Maji Maji wakatuletea "Unbwogable": kichwa cha Kiingereza, kiwiliwili cha Kijaluo, bwogo, yaani kutisha, na mkia wa Kiingereza. Neno hilo moja liliibeba kampeni ya uchaguzi ya muungano wa NARC mwaka 2002, likaimbwa na watu wa Nyeri na wa Busia ambao Kijaluo chote walichokuwa nacho kilikuwa hicho. Muziki wa benga ulikuwa umeshafanya safari kama hiyo kimyakimya zaidi. Gitaa la Kijaluo, lililojifunza kudunda kama nyatiti huku likisikiliza rumba ya Kongo, lilichukuliwa na Daniel Kamau akaliimbia Kikuyu na Kakai Kilonzo akaliimbia Kikamba.

Kwa sasa, anayetaka kuona mambo haya yakitokea mbele ya macho yake aende Eastleigh. Wasomali wako pale tangu enzi za ukoloni, wakiishi na Wahindi waliojenga nyumba nyingi za mwanzo. Lakini serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka Januari 1991, waliokimbia vita walikuja na kipaji cha biashara, na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka kuwa soko, chumba kimoja kimoja, hadi mitaa mizima ikafuata mfano huo. Katika mikahawa yao utaletewa baasto, ambayo ni pasta waliyojifunza kwa Waitaliano Mogadishu, na wali unaofuatana na ndizi mbivu. Mara ya kwanza nilidhani ndizi ni ya baadaye, nikaiweka pembeni. Mhudumu alinihurumia. Siku hizi nimewaona mafundi wa Kamukunji, watu wa Kirinyaga na Kitui, wakimenya ndizi juu ya pilau bila kufikiria mara mbili.

Kisha kuna dera. Lile gauni pana, jepesi, refu hadi kisiginoni, ni ndugu wa dirac ya Kisomali, na kwetu lilifika kupitia Mombasa. Huko kwao dirac ni vazi la harusi na manukato. Eastlands imelifanya sare ya Jumamosi. Simama kwenye roshani yoyote ya Umoja au Kayole utawaona: mama wa kanisa la Kiakorino aliyefunga kilemba cheupe, mama wa Kibukusu, msichana wa chuo, wote ndani ya dera. Anayefua ameliinua upande mmoja akalifunga fundo ubavuni, goti nje, povu hadi kwenye viwiko. Nilimuuliza dada yangu kwa nini analipenda. "Halinibani, halionyeshi, na mtu akibisha hodi si lazima nikimbie kubadilisha." Hakuna neno la utamaduni katika jibu hilo, nami nadhani vitu vingi husafiri hivyo. Havipokelewi kwa sababu ni vya jirani. Vinapokelewa kwa sababu vinafaa.

Ndiyo maana siamini hotuba zinazosema kwamba tukijuana tutapendana. Tulijuana sana. Operesheni Anvil ya serikali ya kikoloni, Aprili 1954, iliwang'oa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu kutoka mitaa hii, na wengine wakaingia katika vyumba vyao. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Mathare na Huruma na sehemu za Dandora ziligawanyika plotiploti. Watu waliobadilishana omena na mukimo kwa miaka ishirini walibadilishana nyumba, kabila hili likihamia upande huu wa barabara na lile upande ule. Vijana waliosimama vizuizini na mapanga walizungumza Sheng moja na waliokuwa wakikaguliwa. Haikusaidia. Waliomba kitambulisho, na kitambulisho hakijui Sheng. Mnamo Aprili 2014 ilikuwa zamu ya Eastleigh: polisi waliwazoa Wasomali kwa maelfu, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, huku majirani wakitazama madirishani. Bila shaka wapo waliokuwa wamevaa dera.

Jirani yetu wa omena alihama 2008. Hakufukuzwa na mtu. Alisema anaenda kwa mwanawe Kisumu kupumzika, na mama akamsindikiza hadi stejini akibeba sufuria. Hawakulizungumzia lililokuwa likiwatenganisha. Wanapigiana simu. Wanaongea Kiswahili, na mama akikosa neno hutia la Kijaluo.

Mitaa ya zamani sasa inashuka. Pangani ya baraza la jiji imeshabomolewa, maghorofa yamesimama, na mipango kama hiyo imeandikiwa Shauri Moyo, Makongeni, Jericho na kwingineko. Kila familia jiko lake ndani, choo chake ndani, mlango wa chuma wenye kitasa. Sina haja ya kulilia choo cha watu arobaini, anayekitamani hakukitumia. Ila nilijiuliza watoto wa huko watakutania wapi, kwenye lifti?

Jibu la nusu nililipata Kayole, nilipoenda kumwona rafiki anayeishi ghorofa ya sita. Mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne. Chini, kando ya geti, bomba la kisima lilikuwa limefunguliwa, na foleni ya mitungi ya lita ishirini ilikuwa imezunguka kona hadi kwa muuza smoki. Akina mama wamekaa juu ya mitungi iliyolazwa ubavu. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake namna ya kupika anjera ya Kisomali isishike sufuria. Mtoto alikuwa akiuza maandazi kwa ndoo.

Msichana alifika mbio na mtungi wa manjano usio na kifuniko.

"Nani wa mwisho?"

Mama aliyefunga dera fundo ubavuni aliinua mkono. "Ni mimi. Mtungi ni ashara, na wasikudanganye eti ni mbili."

Msichana akauweka wake nyuma, akatafuta kivuli.